Mara ya Pili

Mimi ndiye niliyemfundisha ndugu yangu Gustave kusikiliza Kiingereza, na kwa hiyo mimi ndiye niliyemwangusha. Watu wa Pinga huniambia nisiseme hivyo, ati ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa jikoni kwangu jioni zile. Tulikuwa mimi, Gustave na baba yetu, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

Niseme kwanza nilikitoa wapi hicho Kiingereza, maana sisi huku tuna Kinyanga chetu na Kiswahili, na aliyekaa sana shuleni ana Kifaransa cha kuandikia barua. Mwendo wa saa mbili kutoka Pinga kulikuwa na misheni ndogo yenye dispensari, na katika dispensari alikuwako muuguzi mmoja mzungu ambaye wote tulimwita Mamuzeli. Kifaransa kilimshinda na Kiswahili alikivunjavunja. Miaka tisa nilimwoshea sahani, kisha nikamwoshea vidonda vya wagonjwa, kisha nikawa namshikia watoto akiwachoma sindano, na muda wote huo alikuwa akinisemesha lugha yake kama vile nilizaliwa nayo. Ikaniingia. Sikuwahi kuiona imeandikwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na ukinipa karatasi ya Kiingereza nitafungia chumvi.

Mwaka wa sitini na nne, waasi walipokaribia, Mamuzeli alipanda gari la mwisho. Akaniachia ufunguo wa dispensari na kuniambia atarudi baada ya majuma matatu. Dawa zilichukuliwa na waasi. Magodoro yalichukuliwa na askari waliokuja kutuokoa na waasi. Nikafunga mlango wa nyumba tupu, nikautia ufunguo kamba na kuuvaa shingoni, na mpaka leo sijui nilikuwa nalinda nini.

Tangu hapo watu wetu walikufa kwa vitu vidogo. Kikohozi, jeraha la panga, uzazi uliokawia nusu siku. Mtoto wangu wa mwisho, Jeannette, alikufa kwa kuhara damu siku nne, na mimi mamake nilijua jina la dawa ambayo ingemponya na rafu ambapo ilikuwa ikiwekwa. Hilo sitalieleza zaidi.

Basi, mwishoni mwa mwaka wa sitini na tano, Pasta Paul akasoma barua kanisani baada ya ibada. Wakubwa wa misheni huko kwao hawatamtuma mzungu mwingine. Lakini wako tayari kuleta dawa na kufungua dispensari tena ikiwa mtoto mmoja wa huku atakwenda kusomea uganga Uganda, miaka mitatu, wao wakilipa. Masomo ni ya Kiingereza, kwa hiyo lazima ashinde mtihani wa Kiingereza, Masisi, mwezi wa nne. Mtihani una sehemu tatu: kusoma, kuandika, na kusikiliza, na anayepungukiwa na nusu katika sehemu moja amekosa zote. Aliyepita miaka ishirini na tano hachukuliwi. Na ikiwa upande wa Pinga hautatoa mtu safari hii, dawa zitapelekwa misheni nyingine.

Niliinua mkono kanisani. Sikuwa nimewahi kuinua mkono kanisani.

"Na miye, Pasta?"

"Mama Léontine," akasema, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza, "wewe uko na cheti gani?"

"Niko na masikio."

"Masikio haiko na muhuri, mama."

Hata mimi nilicheka, lakini nikiwa nimeuma meno. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na cheti cha kuosha sufuria. Gustave alikuwa na ishirini na nne, mwalimu wa darasa la nne, mwenye vyeti vyake ndani ya bahasha iliyofungwa kwa kamba. Kiingereza alikuwa akikisoma mwenyewe katika kitabu alichoachiwa na Mamuzeli. Akisoma anaelewa. Ukimsemesha, anakutazama mdomo tu. Yeye alikuwa na macho, mimi nina masikio, na kwa pamoja tungetosha mtu mmoja mzima wa kupeleka Uganda. Sivyo ilivyoandikwa kwenye barua.

"Utanifundisha, dada?" akaniuliza tukirudi.

"Nitakufundisha mpaka unichukie."

Kuna mtu ataniuliza kwa nini hatukusikiliza redio. Redio ya Pinga ilikuwa moja, ya Damien mfanyabiashara, na betri zake zilikuwa zimekufa tangu Noeli. Kwa hiyo Kiingereza chote kilichobaki katika nchi yetu kilikuwa mdomoni mwangu. Nilijivunia jambo hilo. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Sasa lazima nieleze habari za baba, maana bila baba hili jambo halieleweki. Baba yetu Bitasimwa alikuwa mpiga ngoma ya habari. Si ngoma ya ngozi ya kuchezea harusi. Ni gogo zima lililochimbwa tumbo, lina mdomo mrefu juu, na kila upande wa mdomo una sauti yake. Kwa gogo hilo alitangaza misiba, mawindo na mikutano ya chifu, na vijiji vya ng'ambo ya mto vilimsikia. Na ngoma haisemi jambo mara moja. Mtu yuko shambani, jembe linagonga udongo, mtoto analia mgongoni. Sauti ya kwanza inamfikia nusu. Anachofanya ni kusimama, kuinamisha kichwa na kungoja. Kisha ngoma inarudilia yote tangu mwanzo, na hapo ndipo anasikia.

Gustave alipokuwa na miaka saba, alisikia ngoma, akakimbia kumwambia mama kwamba mjomba amekufa. Mama akajitupa chini, majirani wakaja kulia naye, na shangazi mmoja akaanza kunyoa nywele. Ngoma iliporudilia, kumbe mjomba ameua nguruwe wa porini na anatuita tukale nyama. Baba alimchapa Gustave kwa fimbo ileile ya ngoma.

"Ile ya kwanza iko ya kukutosha jembe mu mukono, uliweke chini," akamwambia kwa kila fimbo. "Ya pili njo ya masikio. Ya pili! Muntu mwenye anasema mara moja, anajisemea yeye mwenyewe."

Gustave hakurudia kosa hilo tena maishani. Akawa msikilizaji mzuri kuliko sisi wote, na baba alikuwa na mpango wa kumwachia fimbo zake.

Basi tukaanza. Kila jioni, sombe ikiwa jikoni, nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kusema sentensi ya Kiingereza. Nilisema yale niliyoyajua: mgonjwa amefika, joto lake ni kubwa, maji yamechemka, leta beseni jingine, mwambie baba wa mtoto angoje nje. Baadaye nikatunga visa virefu, vya mtu aliyepoteza kadi yake, vya mama mwenye mapacha. Gustave aliinamisha kichwa, macho chini, kalamu juu. Nikaisema sentensi mara ya pili. Akajibu.

Hakuna aliyenielekeza kusema mara mbili. Ndivyo mtu anavyosema anapotaka kusikika. Mamuzeli mwenyewe alinizoea hivyo. Akisema jambo nilisimama kimya, akalisema tena, nikaenda kulifanya. Sikumbuki kama aliwahi kukasirika. Labda alikasirika na mimi sikujua.

Baba alikaa karibu na moto akitafuna kokwa yake ya kola, haelewi hata neno moja, anaitikia kwa kichwa.

"Mutoto anasikiliza muzuri," akasema. "Hakurupuke."

Na kweli alikuwa anasikiliza vizuri. Mwezi wa pili nilianza kumtega. Nilisema haraka, nilisema nikitafuna, nilisema nikiwa nje ya mlango na mvua inapiga majani ya paa. Alijibu yote, sentensi kwa sentensi, bila kukosa. Usiku nililala nikihesabu rafu za dispensari na kuzijaza. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kutumaini jambo lolote, na nilikuwa nimesahau kwamba kutumaini kunaumiza tumbo.

Barua ilisema sehemu ya kusikiliza itasemwa na mashine. Gustave alinisomea hilo mara tatu, na liliniudhi.

"Mashine inasemaka aje, dada?"

"Kama muntu. Ni muntu njo alisema ndani."

"Na kama sielewe?"

"Utaelewa. Mashine haina meno kunishinda miye."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nilikuwa mkuu mwenyewe, na guu lililovunjika si langu.

Tulitembea siku nne. Pasta alitupa barua ya njia, na watu wa kwetu walitupa ndizi, nyama iliyokaushwa, na kuku wawili. Kabla ya kuondoka baba alipiga ngoma kuviambia vijiji kwamba mtoto wa Bitasimwa anakwenda kuitafuta dispensari, akairudilia, na katika kila kijiji tulichopita siku ya kwanza watu walikuwa wamesimama njiani wakitungoja. Bibi mmoja alimshika Gustave mikono yote miwili, akaitemea mate ya baraka. Nilimwona ndugu yangu akitazama mikono yake kwa muda mrefu baada ya hapo.

Karibu na Nyabiondo askari walituzuia kwa mti uliolazwa barabarani. Walisoma barua ya Pasta kichwa chini miguu juu, wakachukua kuku mmoja, wakaturuhusu. Kisha tukaanza kupanda. Masisi kuna baridi, na sisi wa msituni tulipanda milima ile tukiwa tumejifunga mashuka kichwani. Mashamba ya maharagwe yananing'inia, nyumba ziko juu, chini, kila mahali, na mtu anakusalimia toka mlima mwingine. Tulifikia kwa Mama Adelaïde, mjane wa kabila la Wahunde anayejuana na Pasta, mlimaji wa maharagwe, mwenye nyumba safi na ulimi usiopumzika.

"Kula, mutoto," akamwambia Gustave, akimrundikia maharagwe. "Muntu wa njaa hasikie kintu. Miye padri akihubiri na niko na njaa, nasikiaka tu 'amina'."

Gustave alicheka. Ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka hivyo, kwa tumbo zima.

Mtihani ulifanyika katika shule moja ya misheni. Watahiniwa walikuwa tisa, wote wanaume, wote wamevaa viatu. Asubuhi walisoma na kuandika, na Gustave alipotoka kunywa maji uso wake ulikuwa umetulia. Akaniambia ile ya kusoma ilikuwa rahisi. Adhuhuri mzungu mwenye mtihani, mtu mrefu aliyekuja na gari kutoka Uganda, akaleta sanduku lenye magurudumu mawili madogo na utepe wa kahawia unaotoka gurudumu moja kuingia jingine. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu darasa lilikuwa linanuka unyevu. Sisi jamaa tulikaa nje juu ya mawe, na mimi nilichagua jiwe lililo chini ya dirisha la Gustave. Nilimwona vizuri, kuanzia bega mpaka kalamu.

Mashine ikaanza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, safi, haina kikohozi, na niliielewa tangu neno la kwanza. Nilitabasamu kama mjinga. Mwanamke yule alieleza jinsi ya kufanya: utasikia maneno, kisha utachagua jibu moja kati ya manne kwenye karatasi. Na akasema kwamba kila jambo litasemwa mara moja tu. Hilo nalo alilisema mara moja tu.

Nilimtazama Gustave. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho chini, kalamu juu, kama vile yuko jikoni kwangu. Alikuwa anaiacha ile ya kwanza ipite.

Mashine ikatoa swali la kwanza. Mtu mmoja amefika kituoni, gari la moshi limekwisha kuondoka, anauliza jingine litakuja lini, na mwanamke anamjibu: kesho asubuhi. Kikawa kimya kidogo. Wengine wanane walikwaruza karatasi zao. Gustave alingoja, ametulia, bila wasiwasi hata kidogo, mtu anayejua kazi yake. Kisha ikaja sauti tena, na nikamwona akikaza shingo: sasa ndiyo ile ya masikio. Lakini haikuwa ile. Lilikuwa swali la pili, la mtoto aliyetumwa kununua mkate akarudi na sabuni. Gustave akakunja uso. Akatafuta mkate na sabuni katika majibu ya swali la kwanza, kati ya saa za gari la moshi, asivione. Akachagua jibu moja. Akainamisha kichwa tena kungoja.

Ndivyo alivyoendelea. Swali moja analiacha lipite, la pili analichukua kuwa ni lile lile limerudi kwa maneno mengine, na anajibu mahali ambapo si pake. Mimi nje ya dirisha nilikuwa najibu yote. Kesho asubuhi. Sabuni. Daktari hayupo. Rangi ya kijani. Sikuwa na kalamu, sikuwa na karatasi, sikuwa na kiatu, na kila jibu lilikuja lenyewe mdomoni na kufia pale. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, na kwa nani hata sijui: kwa mashine, kwa baba, kwa Pasta na muhuri wake.

Swali la sita au la saba lilikuwa la mwanamke aliyesahau mwavuli wake kanisani. Sikuvumilia. Nikalirudilia kwa sauti, lote, kwa Kiingereza, kama nilivyozoea kulisema nikiwa juu ya kinu changu. Jamaa wote kwenye mawe walinigeukia. Gustave akainua kichwa, uso ukang'aa, akaweka alama pale pale panapotakiwa. Mzungu akatazama dirishani. Edmond, karani aliyekuwa akisimamia, mtu wa tai nyeusi, akaja mbio.

"Mama, toka ku dirisha! Hapa haiko soko!"

"Ndugu yangu hajue. Muambie kama hairudilie. Muambie tu ile moja!"

"Hakuna kusema na mutahiniwa. Unataka nimutoshe inje?"

Nikanyamaza. Akafunga dirisha na kubana komeo. Kupitia kioo sikusikia tena, ila nilimwona. Mahali fulani katikati alielewa. Nilijua ni hapo kwa sababu aliacha kuinamisha kichwa, akamtazama jirani yake, akaitazama mashine, akaanza kuandika haraka haraka. Lakini sikio halipiti kichwa. Miaka kumi na saba kichwa chake kilikuwa kimefundishwa kwamba sauti ya kwanza si ya kusikilizwa, na sasa alitaka kukifundisha upya kwa robo saa. Nilimwona akishtuka kila mara, amechelewa kila mara, kama mtu anayepanda ngazi gizani akidhani iliyobaki ni moja.

Majibu yalisahihishwa jioni ileile kwa sababu mzungu alitaka kulala Goma. Edmond akabandika karatasi mlangoni. Kusoma, Gustave alikuwa wa kwanza kati ya tisa. Kuandika, wa pili. Kusikiliza, sita kwa arobaini. Moja kati ya hizo sita ni yangu, ile ya mwavuli.

Nilikwenda kwa mzungu alipokuwa akipakia sanduku garini. Nikamweleza kwa Kiingereza, taratibu na kwa heshima, kwamba ndugu yangu anasikia, kwamba kosa ni la desturi yetu ya ngoma, kwamba ampe sentensi moja tu, mara mbili, aone. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia Kiingereza changu ni kizuri sana, akaniuliza nilisomea wapi. Kisha akasema sheria ni sheria, na darasani huko Uganda mwalimu harudii kwa ajili ya mtu mmoja. Akapanda gari lake.

Tulilala kwa Mama Adelaïde bila kula. Asubuhi tukashuka milima, na Gustave hakusema neno mpaka tulipoingia msituni siku ya pili.

"Nilingoja, dada," akasema.

"Nilikuona."

"Nilikuwa nasema moyoni: usikurupuke, Gustave. Nilikuwa namusikia papa."

Nilitaka kumwambia ni mimi. Kwamba baba alimpa desturi, lakini mimi ndiye niliyemtia desturi hiyo ndani ya Kiingereza, jioni baada ya jioni, na kujisifu. Nilifungua mdomo mara nyingi njiani. Yeye ndiye aliyelisema kwanza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi.

"Haiko wewe. Ulinifundisha muzuri. Hata sasa, ukisema mara mbili, nitajibu yote."

Siku hiyo nililia nikitembea, na yeye alitembea mbele asigeuke ili nilie vizuri.

Baba alikuwa amekaa karibu na gogo lake, fimbo mapajani. Alikuwa amekubaliana na machifu kwamba habari itapigwa siku tutakayofika. Gustave alipiga goti mbele yake na kumweleza. Baba hakuelewa, ikabidi nieleze mimi: mashine, utepe, sauti ya mwanamke, mara moja tu.

"Mara moja?" akauliza.

"Mara moja, papa."

"Kwa batu bote? Na mwenye hakusikia?"

"Mwenye hakusikia, amekosa."

Nilifikiri atatukana wazungu, au atamfariji mwanawe, na kwa kweli nilitamani afanye moja kati ya hayo. Badala yake alisimama, akashika fimbo, akapiga. Akaita vijiji kwa majina yao. Akaitaja nyumba ya dawa. Akamtaja Gustave mwana wa Bitasimwa. Akasema alikwenda, hakushinda, mlango utabaki umefungwa. Tulingoja arudilie. Watoto uani, ambao tayari walikuwa wamesimama na kuinamisha vichwa, walingoja. Baba akaziweka fimbo juu ya gogo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake aliyosema jambo mara moja. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini, na mwaka uliofuata alikufa. Gustave hakuzichukua fimbo. Anafundisha darasa la nne mpaka sasa, na wanafunzi wake wanasema ni mwalimu mkali, hasemi jambo mara mbili.

Lakini mashambani ng'ambo ya mto watu walikuwa wamesikia nusu. Walisikia wanaitwa. Walisikia nyumba ya dawa, wakasikia jina la Gustave, wakaweka majembe chini na kuinamisha vichwa, na ile ya pili haikuja. Wengine walidhani ni upepo umeibeba. Kila mmoja akaimaliza habari mwenyewe, na unajua mtu mwenye mgonjwa nyumbani anavyomaliza habari.

Wa kwanza alifika siku ya tatu. Nilikuwa kwenye dispensari nikifyeka majani mlangoni, kazi ya bure niliyoizoea. Alikuwa mama mmoja mdogo, nguo zimelowa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto, na mtoto mgongoni ambaye kichwa chake kilikuwa kinaning'inia upande. Nyuma yake, mbali kidogo njiani, nikawaona wengine wanne, wawili wamebeba mtu kwa machela. Mama yule alitazama ufunguo shingoni mwangu, akatabasamu.

"Mama Léontine, fungula. Tulisikia ngoma."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kinyanga ili asikose neno: Gustave hakushinda, hakuna dawa, nyumba haitafunguliwa, si mwaka huu wala mwaka mwingine. Nilisema vizuri, kwa sauti, nikimtazama machoni.

Hakulia. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akainamisha kichwa, akatazama chini, akangoja.

Nikamwambia tena.